Mistari minne ya Python, Uyole

Tukuyu, Jumamosi usiku

Mwalimu wa kompyuta shuleni kwetu ni mimi peke yangu. Wa hisabati wapo kadhaa, wa Kiswahili vilevile. Wakikaa ofisini utawasikia wakiulizana mada hii unaiingiaje, swali lile umelitungaje. Mimi nikikwama hakuna wa kumgeukia. Wenzangu wananipenda, lakini wakinifuata ujue printa imegoma au kuna mtu amesahau nywila yake.

MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, yamejengwa juu ya jumuiya za ujifunzaji. Walimu wanakaa pamoja shuleni kwao, wanachagua mada inayowasumbua, wanaiandaa, mmoja anafundisha wenzake wakitazama, kisha wanajadili. Naupenda mpango huu kwa moyo wote. Ila jumuiya ya somo lenye mwalimu mmoja itajadiliana na nani? Ndiyo maana baadhi yetu tumeanza kukutana Uyole, Mbeya, kwa nauli zetu wenyewe. Pale njia zinakutana: sisi wa Tukuyu tunatokea upande wa Kyela, wa Mbozi na Tunduma wanakuja na barabara ya Zambia, wa Mbarali wanatokea upande wa Makambako. Leo shule moja ilitufungulia darasa, tukanywa chai na viazi vya kuchemsha, tukaanza kazi.

Madam mmoja wa Mbarali aliandika ubaoni mistari minne ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta:

a = 5
b = 3
a = b
b = a

Akasema, kabla ya kutoa jibu sahihi, kila mmoja ataje jibu ambalo wanafunzi wake wangetoa. Hapo ndipo siku yangu ilipobadilika. Karibu wote tulisema kitu kimoja: watasema a imekuwa 3 na b imekuwa 5, kwamba vimebadilishana. Ukweli ni kwamba vyote viwili vinaishia na 3, kwa sababu mstari wa tatu umeshaifuta ile 5, na wa nne hauna tena pa kuipata. Shule zetu ziko mbalimbali, wengine wana kompyuta za kutosha na wengine watoto wanagombea mashine moja, lakini kosa ni lile lile. Basi si uzembe wa mtoto wala uhaba wa vifaa. Mtoto anasoma mistari minne kama taarifa zinazosemwa kwa pamoja, wakati mashine inautekeleza mmoja, inaumaliza, ndipo inashuka kwa unaofuata. Tena ile alama ya = ametoka nayo kwenye hisabati, ambako pande mbili ziko sawasawa siku zote. Kwenye Python ni amri: chukua thamani iliyoko kulia, iweke kwenye jina lililoko kushoto.

Utamfundishaje sasa? Mwalimu wa Tunduma akaleta vikombe viwili, kimoja chai, kimoja maji: huwezi kubadilishana bila kikombe cha tatu. Wengi wetu tunautumia mfano huo. Madam akamwambia taratibu, "Mwalimu, ukimimina kikombe cha pili kinabaki kitupu. Lakini b baada ya mstari wa tatu haibaki tupu, bado ina 3." Tukabishana kweli kweli, watu wakasimama. Mwisho tukakubaliana vikombe vinaeleza vizuri kwa nini kigeu cha tatu, yaani jina jingine la kushikia thamani kama a na b, kinahitajika, lakini vinampandia mtoto wazo kwamba thamani inahama, wakati inanakiliwa. Tukajaribu vibao viwili vidogo na chaki: unatazama kilichoandikwa kwenye b, unafuta cha a, unaandika kile kile. Kibao cha b hakijaguswa. Nadhani Kidato cha Pili wataelewa.

Mjadala kama huo sijawahi kuupata kwenye semina. Niliwahi kukaa kwenye mafunzo yaliyokwisha kwa kutajiwa sehemu za kompyuta kwenye projekta, na mwishoni tukapewa cheti. Watu waliokuwa mle ndani wanazijua sehemu hizo tangu chuo. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umelileta somo kwa jina la Sayansi ya Kompyuta, na mwalimu anayelifundisha anahitaji kuijua programu, ndiyo, lakini anahitaji zaidi kujua programu hiyo inavyoonekana kichwani mwa anayeanza. Hilo halimo kwenye kitabu cha Python. Limo kwa walimu wenzake.

Mchana umeme ulikatika, hatukusimama. Tulikata karatasi vipande, kila kimoja kina mstari mmoja wa programu, tukavichanganya na kupeana tuvipange. Zoezi hili lilianzia New Zealand, Dale Parsons na Patricia Haden walilieleza mwaka 2006, na mpaka leo linaitwa kwa jina la Parsons. Mtoto hahangaiki na nukta wala mabano. Anahangaika na mpangilio, na mpangilio ndio unaomshinda. Kwa shule zetu, ambako kipindi kinaweza kwisha mashine hazijawaka, naona zoezi hili ni mali kabisa. Kutoka Uingereza tukachukua utaratibu wa Sue Sentance na wenzake: mwanafunzi kwanza atabiri programu itatoa nini, ndipo aiendeshe, aichunguze, aibadilishe, na mwisho aunde yake. Wengi wetu tunaanzia huku mwisho. Tunamwambia mtoto "andika programu" wakati hajawahi kusoma hata moja mpaka mwisho.

Ninachowaomba wakuu wa shule wa nyanda zetu hizi si kompyuta mpya. Mpeni mwalimu wenu wa kompyuta nauli ya kwenda kumwona mwenzake akifundisha, walau mara moja kila muhula, na mumhesabie siku hiyo kuwa kazini.

Mkutano ujao ni Vwawa. Kila mmoja aje na swali moja pamoja na majibu yasiyo sahihi ya wanafunzi wake, yakiwa yameandikwa kama walivyoyaandika wao. Mimi nimeshachagua: for i in range(1, 5), halafu print(i). Inatoa 1 mpaka 4, kwa sababu range inaishia kabla ya ile 5. Jumatatu nawapa Kidato cha Tatu watabiri kwenye karatasi, na atakayeandika 1 mpaka 5 nitamwomba anieleze amefikaje hapo, kabla sijamsahihisha.