Sauna nyuma ya nyumba: tuongee kuhusu chini kwanza

Najua mtasema nini. Joto lote hili la Mombasa halafu mtu ajenga sauna, chumba cha mbao cha kukaa utoke jasho? Bi mkubwa kashanambia nikitaka jasho nipande matatu saa nane mchana, ni bei rahisi. Sawa, lakini joto letu ni la unyevu, la sauna ni kavu na lafika digrii 80 au 90, ni vitu viwili mbalimbali. Tuyaache hayo, leo nataka kuongea kuhusu slabu ya kuikalisha, yaani ile sakafu ya zege ya chini.

Video nyingi utakazoona ni za watu wa Ufini na Kanada, na shida yao wao ni baridi, maji yaliyo ardhini yaganda, yavimba, yanyanyua msingi, ndo maana wanachimba kwenda chini sana. Sie hatuna hayo, usimalize pesa kuiga. Huku kwetu kazi ni masika, chumvi na mchwa.

Mie nakaa Kisauni. Tulipoanza kuchimba, upande wa ukutani mtaimbo ukagonga matumbawe, upande wa pili mchanga mtupu, wachota kwa beleshi tu. Sasa ukimimina zege juu ya hali hiyo, kwenye mchanga itatitia na kwenye jiwe itabaki pale pale, ipasuke katikati, hata ununue simiti ya bei gani. Kwa hivyo upande wa mchanga tukashuka zaidi, tukajaza mawe ya kuvunjwa kidogo kidogo, kila tabaka kama sentimita 15 lamwagiwa maji lashindiliwa mpaka ukikanyaga kisigino hakiachi alama, ndo lifuate jengine. Upande wa jiwe tukalichonga, tukatandaza kokoto, ili slabu ilale juu ya kitu kimoja pande zote.

Kwenye mchanga wa kukorogea ndo tukabishana na fundi. Ni mzee, kazi anaijua sana, lakini alitaka tuchote wa ufuoni kwa vile ni karibu. "Mwanangu, mchanga ni mchanga." La mzee wangu, ndani mwalala waya wa BRC, ule wavu wa chuma wa kuipa zege nguvu, na chumvi yala chuma, chuma kikishika kutu chavimba chapasua zege kutoka ndani, si twaziona nguzo za nyumba za karibu na bahari zilivyobambuka? Maji pia hivyo hivyo. Kisima chetu ni cha chumvi, nikanunua ya mkokoteni, jerikeni kwa jerikeni. Alicheka yule mzee, ati simiti yanyweshwa maji matamu kuliko watu wa mtaa huu! Lakini alikoroga.

Slabu ni futi 8 kwa 8, unene inchi 4, na kwa simiti moja mchanga mbili kokoto nne yala kama mifuko minne ya kilo 50. Kabla ya kumimina tulipiga dawa ya mchwa, kisha nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Iko juu ya uwanja kama sentimita 15 na ina mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye migomba, maana mvua ya mwezi wa tano haina adabu. Halafu magunia mabichi juu yake wiki nzima, jua letu likiikausha haraka haipati nguvu.

Mbao usizilaze moja kwa moja kwenye slabu. Weka vipande vya tofali, virefu zaidi upande wa chini ili pima maji ikae sawa, halafu boriti juu yake. Hewa itapita, na mchwa akianza kupandisha ule mfereji wake wa udongo utamuona ukichungulia na tochi, kuliko kumjua akishafika kwenye paa. Bolti ni za stenlesi, hizi za kawaida kwa hewa ya bahari hazidumu. Na tafadhali, si chini ya mnazi.

Jambo moja la haraka: paipu ya waya wa stima ipite kabla ya zege. Hita ya sauna ya kilowati 6 yavuta ampea kama 25 na soketi ya ukutani mwisho wake ni 13, kwa hivyo yataka laini yake kutoka kwenye boksi la fyuzi. Fundi wa stima aje siku ile ile ya kutandika BRC, hata kama atanuna.