Nilifuata nyumba ya filamu, nikamkuta mama mwenye ndoo

Teksi ya kutoka uwanja wa ndege wa Jiji la Mexico ilininyonya vibaya. Bei aliyotaja dereva nikiipigia hesabu ya shilingi ingenipeleka Morogoro na kunirudisha Dar, na kuku wa njiani juu. Nililipa kwa sababu usiku ulishaingia na mabegi yalikuwa mazito. Kesho yake ndipo nikaambiwa treni ya chini ya ardhi ni peso 5 tu, uende unakotaka. Hotelini nako hata maji ya kunywa unauziwa, na jiji liko mita 2,240 juu ya bahari. Mtu wa pwani ukipanda ngazi kidogo unatweta.

Mkutano ulionipeleka ulikwenda kama mikutano inavyokwenda. Ulipokwisha nikamwomba mwenzangu wa kazi, mzaliwa wa jiji hilo, anipeleke mtaa wa Tepeji, Roma Kusini. Huko ndiko mwongozaji filamu Alfonso Cuarón alikokulia, nyumba namba 21, na alipotengeneza filamu yake ya *Roma* mwaka 2018, mbele ya nyumba ya ng'ambo ya barabara, namba 22, ndipo alipopigia picha za nje. Aliiandika, akaiongoza na kushika kamera mwenyewe, yote nyeusi na nyeupe. Ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, kisha Oscar tatu mwaka 2019, mojawapo ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ambayo Mexico haikuwa imewahi kuipata. Mwishoni ameandika kwamba ni ya Libo, yaani Liboria Rodríguez, dada wa kazi aliyemlea.

Mtaa wenyewe ni mfupi na mtulivu. Namba 22 ni nyumba ya watu, geti limefungwa, hakuna wa kukufungulia. Nilipiga picha, nikasimama, na ningeondoka hapo na kinyongo cha nauli kama nisingemwona mama mmoja, nyumba kadhaa mbele, akiosha njia ya miguu kwa ndoo na fagio gumu. Filamu inaanza hivyohivyo: maji yanamwagwa sakafuni, yanarudi, yanamwagwa tena, na ndani yake unaona kivuli cha ndege ikipita angani. Nikamsalimia kwa Kihispania changu cha kubahatisha, mwenzangu akadakia kutafsiri.

Ni mtu wa Oaxaca, jimbo la kusini mwa Mexico, alisema, amekuja jijini akiwa binti mdogo. Oaxaca ndiko anakotoka pia Yalitza Aparicio, mtu wa jamii ya wenyeji wa asili ya Wamixteko, kutoka mji wa Tlaxiaco, aliyeigiza Cleo, dada wa kazi wa kwenye filamu. Alikuwa amesomea ualimu wa chekechea, hajawahi kuigiza, akaenda kwenye usaili badala ya dada yake aliyekuwa mjamzito. Akaishia kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na kwao wakajitokeza watu wa kumtukana kwa rangi na sura yake. Mama yule alipolisikia jina hilo alisimamisha fagio, akacheka kwa furaha.

Nikamuuliza kama ameitazama. Ndiyo, sebuleni kwa waajiri wake, wakiwa pamoja. Wao walilia pale Cleo anapoingia kwenye mawimbi ya ufukwe wa Tuxpan kuwatoa watoto wa waajiri wake ilhali kuogelea hajui. Yeye alilia baadaye, pale wanaporudi nyumbani, wote wanahadithia alivyowaokoa, na hapohapo mtoto anamwomba amtengenezee maziwa ya ndizi. Naye anakwenda kutengeneza.

Hapo nilikosa la kusema, maana nililiona jiko letu. Dada aliyetulea sisi alikuwa mtu wa Singida. Alikuwa anajua nani anaogopa giza na nani hali bamia, na wageni wakija mama alikuwa anasema huyu ni mwanetu kabisa. Alikula sisi tukishakula. Godoro lake lilikuwa stoo, kati ya gunia la mkaa na baiskeli ya baba. Hakuna aliyemchukia nyumbani, tulimpenda kweli, na upendo huo haukumtoa stoo. Cuarón amelisema hilo bila kumtukana mama yake wala kuwapamba watu wa nyumba yao. Cleo na mwenzake wanafanya mazoezi chumbani kwao kwa mshumaa, kwa sababu bibi wa watoto hapendi watumie umeme.

Kule Mexico, Desemba 2018, filamu ikiwa bado ya moto, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwaacha wafanyakazi wa ndani nje ya hifadhi ya lazima ya jamii ni kinyume cha katiba, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa. Wenyewe walikuwa wamepigania miaka mingi, wakiongozwa na watu kama Marcelina Bautista, naye wa Oaxaca, aliyeanza kazi za ndani akiwa na miaka 14. Nilitaka kumuuliza yule mama kama ameandikishwa, nikaona si swali la kumuuliza mtu mlangoni kwa mwajiri wake.

Badala yake nikamuuliza kama kuna kitu kwenye filamu si cha kweli. Akafikiri, akaonyesha ndoo yake. Maji yalikuwa ya povu la kijivu, yaliyokwisha kufulia nguo. Maji yale ya mwanzo ni mengi mno, alisema. Siku hizi yanakuja kwa mgao na mengine kwa lori, nani ataruhusiwa kuyamwaga sakafuni hivyo? Nikamwambia na sisi Dar ni hivyohivyo. Hakuniamini mpaka mwenzangu alipomtafsiria mara ya pili.