Nywele Zimerudi, Limfosaiti Bado

Leo dada amechana nywele kwa mara ya kwanza tangu alipomaliza kemo, dawa za saratani. Nilimtazama nikiwa mlangoni, machozi yakanilengalenga. Kila anayekuja kumjulia hali humwambia, "Umeshapona sasa." Mimi nimeshika karatasi ya maabara, na macho hayabanduki kwenye mstari mmoja: limfosaiti, chembe nyeupe za damu za kinga ya mwili, ziko chini.

Wakati wa kemo hofu yetu ilikuwa nyutrofili. Chembe hizi nyeupe za damu, zinazopambana na bakteria, huishi muda mfupi sana, kwa hiyo uboho wa mifupa huzizalisha usiku na mchana. Nayo dawa inayoua seli zinazogawanyika kwa kasi haichagui. Huupiga uvimbe, ikaupiga na uboho. Nikajifunza kuhesabu siku: kuanzia ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu, silali. Safari moja zilishuka hadi 400 kwa mikrolita moja ya damu, na zikiwa chini ya 1,500 tayari ni upungufu. Usiku ule kipimajoto kikasoma 38.4. Hatukungoja kukuche. Alianza antibayotiki za mshipa kabla majibu hayajatoka. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hapakuwa na usaha wala wekundu popote, maana usaha wenyewe hutokana na chembe zilezile alizokosa.

Nyutrofili zikarudi. Ikaja mionzi ya kifua, siku tano kwa juma. Nilidhani mionzi huishia pale inapoelekezwa. Kumbe damu haitulii; hupita moyoni na kwenye mishipa mikubwa, na kila inayopita wakati huo huambulia sehemu yake. Limfosaiti hazistahimili hata kidogo. Seli nyingi zilizopigwa mionzi hufa zinapojaribu kugawanyika, ila hizi hufa zikiwa zimetulia tu.

Seli B, aina moja ya limfosaiti, aghalabu hujijenga upya ndani ya miezi. Zinazochelewa ni aina nyingine, seli T za CD4, kwa sababu tezi ya thaimasi, zinakokomalia, husinyaa kadiri mtu anavyozeeka. Dada ana miaka 52.

Jioni jirani alikuja na mjukuu mwenye mafua. Nikamsihi arudi siku nyingine. Dada akaninunia.

"Mdogo wangu, unanilea kama yai."

Sikumjibu. Kipimo kingine ni baada ya majuma sita.