Ekzosi za Ubavuni kwenye Corvette ya 1966

Kila mwenye Corvette ya miaka ya 1960, lile gari la michezo la Chevrolet, anayeniuliza kuhusu ekzosi za ubavuni, yaani mabomba ya moshi yanayopita ubavuni mwa gari, huniuliza kwanza zitalia vipi. Swali hilo ni halali, nami nitalijibu, lakini fundi anayeanzia kwenye sauti atafunga mabomba yatakayolia vizuri msimu mmoja, na msimu huohuo yatababua rangi ya bodi. Kazi hii ni ya joto na ya nafasi. Chuma kinachopata moto, kikatanuka na kutikisika, kinapaswa kuning'inizwa chini ya bodi ya faibaglasi, sentimita chache kutoka mguu wa mtu anayeshuka garini, na yote mengine, pamoja na sauti, hufuata jinsi jambo hilo lilivyotatuliwa. Nayaandika haya baada ya kumaliza gari la rafiki yangu hapa Marekani, Corvette ya 1966 yenye injini ya inchi za ujazo 327, ambayo mwenye gari aliyemtangulia alikuwa ameshaifungia mabomba ya ubavuni, ila kwa namna iliyotulazimu kuyashusha yote na kuanza upya.

Chevrolet ilianza kuuza Corvette zenye ekzosi za ubavuni kutoka kiwandani mwaka 1965, kwa namba ya oda N14. Iliendelea nazo 1966 na 1967, ikaziacha 1968 gari lilipobadilishwa umbo, kisha ikazirudisha kwa mwaka mmoja tu, 1969. Mnunuzi wa 1966 aliongeza zaidi kidogo ya dola 130 kuzipata. Wazo lenyewe lilitoka kwenye mashindano: Corvette tano za Grand Sport zilizoundwa chini ya mhandisi wa Corvette, Zora Arkus-Duntov, na baadaye Cobra za mashindano, magari ya Carroll Shelby yenye injini ya Ford ya 427, zilitolea moshi ubavuni kwa sababu njia fupi hupunguza uzito na huacha sehemu ya chini ya gari wazi. Kwa gari la barabarani faida hizo ni ndogo mno, na sioni haya kusema kwamba watu walizinunua kwa ajili ya macho na masikio. Hata Dodge Viper ya 1992, iliyolirudisha wazo hilo miaka mingi baadaye, ilifanya hivyo kwa kumbukumbu ya Cobra zaidi kuliko kwa hesabu za uhandisi.

Sasa sauti. Injini ya V8 ya Chevrolet ina silinda nne kila upande, za kushoto zikiwa na namba witiri na za kulia zikiwa na namba shufwa, na mpango wake wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Kwa jumla silinda moja huwaka kila krenki, mhimili mkuu wa injini, inapozunguka digrii 90, kwa hiyo injini nzima huenda kwa mwendo sawia. Lakini ukiuchukua upande wa kushoto peke yake, utakuta kwamba kutoka silinda ya 1 hadi ya 3 kuna digrii 270, kutoka ya 3 hadi ya 5 kuna 180, kutoka ya 5 hadi ya 7 kuna 90 tu, kisha 180 nyingine kabla ya kurudi kwenye ya 1. Upande wa kulia nao una mapengo ya namna hiyohiyo kwa mpangilio mwingine. Ekzosi ya kawaida husafirisha pande zote mbili hadi nyuma ya gari, ambako hutokea karibu karibu na sikio huzipokea kwa pamoja, ilhali mabomba ya ubavuni huzitenga, hivyo dereva wa Marekani, anayekaa kushoto, husikia zaidi safu yake na abiria husikia ya kwake. Ule mdundo wa kuchechemea gari linaposimama na injini ikiwaka, ambao wengi hudhani unatoka kwenye kabureta, kwa sehemu kubwa ni mapengo hayo yasiyolingana yakisikika bila kufunikwa na ya upande wa pili.

Mabomba ya kiwandani ya 1965 hadi 1967 hayakuwa na sailensa kwa maana tuliyoizoea. Bomba la ndani lilibonyezwa mahali mahali katika urefu wake ili mawimbi ya sauti yagonge na kurudi, na nje yake likavikwa bomba pana zaidi, basi. Mengi yanayouzwa leo na watengenezaji wengine ni ya namna tofauti: bomba lililotobolewa matundu madogo, likazungushiwa sufi ya glasi. Hayo huanza kwa upole, lakini sufi huchomeka na kupeperushwa na moshi kadiri miaka inavyopita, na kelele huongezeka bila mwenye gari kujua sababu. Mimi humshauri mtu achukue yaliyobonyezwa. Ni ya kelele tangu siku ya kwanza, lakini kelele ile utakayoisikia siku hiyo ndiyo utakayoisikia baada ya miaka kumi, na unaweza kuamua mapema kama wewe na majirani mtaivumilia.

Kushusha mabomba ya zamani ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu isiyo na haraka. Bomba la mbele hushikwa kwenye manifoldi, chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kwa stadi tatu, yaani bolti zisizo na kichwa, na stadi hizo zimepashwa moto na kupozwa maelfu ya mara hadi kutu imekuwa sehemu ya chuma. Ninazipulizia mafuta ya kupenyeza kutu siku moja kabla, nikirudia asubuhi, na nati ikikataa ninaipasha moto yenyewe kwa tochi ndogo huku stadi ikiwa baridi iwezekanavyo, kwa kuwa lengo ni nati itanuke na stadi ibaki ilivyo. Kulazimisha spana ndefu hapo ni kuomba stadi ikatike ndani ya manifoldi, na kuitoboa stadi iliyokatika ukiwa chali chini ya gari ni adhabu. Wakati wa kurudisha, tumia nati za shaba nyeupe au za njano badala ya chuma, pamoja na grisi ya shaba kwenye hesi, ili fundi atakayekuja baada yako asikulaani.

Mabomba yakishashuka, kagua vali ya joto upande wa kulia, kati ya manifoldi na bomba. Injini ikiwa baridi vali hiyo huziba njia na kuulazimisha moshi upite chini ya kabureta ili petroli igeuke mvuke vizuri, kisha hufunguka injini ikipata moto. Ikikwama imefungwa, safu nzima ya kulia hupumua kwa shida, nawe utabadilisha mabomba mazuri na kulaumu mabomba hayo kwa kosa lisilo lao. Pima pia tundu la manifoldi kabla ya kuagiza chochote, kwani Corvette za miaka hiyo zilitoka na mabomba ya inchi 2 na ya inchi 2.5 kulingana na injini, na gari lililopita mikononi mwa watu wengi halina uhakika wa kuwa na manifoldi lililozaliwa nazo.

Gari la rafiki yangu lilikuwa na kosa ambalo nimelikuta kwenye magari mengi yaliyobadilishwa nyumbani: mabomba yalikuwa yamekazwa moja kwa moja kwenye fremu mbele na nyuma, bila mpira wala nafasi ya kusogea. Fikiria hesabu yake. Chuma hutanuka kwa takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba la mita moja na nusu likipanda nyuzi 300 litarefuka kwa zaidi ya milimita 5, na milimita hizo lazima ziende mahali. Zikizuiwa, hupinda bomba, au hupasua weldi ya kishikizo, au huvuta bomba la mbele hadi gasketi ya manifoldi ianze kuvuja, na kwenye gari hili zilikuwa zimefanya mawili ya mwisho. Dawa yake ni kulifunga bomba imara upande mmoja tu, ule wa manifoldi, na kuliacha lining'inie kwa hanga zenye mpira kwingineko, likiweza kuteleza kwenda nyuma na kurudi. Kifuniko cha alumini kinachokaa nje ya bomba kinahitaji uhuru mkubwa zaidi, kwani alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Matundu yake ya bolti yanapaswa kuwa marefu, si ya duara, na bolti zikazwe kwa kiasi cha kushika bila kubana.

Kwa hiyo utaratibu wangu wa kufunga ni kuweka kila kitu kwa nati zilizokazwa kwa vidole tu kwanza, pande zote mbili, kabla ya kukaza hata moja. Ninashusha gari liketi kwenye magurudumu yake, kwa sababu gari lililoinuliwa kwenye stendi huning'iniza magurudumu na kukudanganya kuhusu nafasi iliyopo, kisha ninapima umbali kutoka bomba hadi bodi, hadi tairi, na hadi ardhini. Bomba la mbele hushuka kutoka kwenye manifoldi na kutokea nje likipita chini ya fremu, na hapo ndipo gari litakapogonga tuta la barabarani. Kila nusu inchi unayoipata kwa kugeuza kiungo kidogo ina thamani. Nikiridhika ndipo ninapokaza kidogo kidogo kwa zamu, nikianzia kwenye manifoldi kuelekea nyuma.

Gari lililotoka kiwandani na ekzosi za chini likipewa za ubavuni, sehemu ya chini ya bodi mbele ya gurudumu la nyuma huhitaji kukatwa ili bomba lipite. Kukata faibaglasi ni rahisi kiasi cha kutisha. Funika mdomo na pua kwa barakoa ya maana, lowesha vumbi, kata kidogo kuliko unavyodhani inahitajika, kisha uzibe ukingo uliokatwa kwa resini ili unyevu usiingie kwenye nyuzi. Paneli ya nyuma nayo hufichua historia ya gari, kwa kuwa Corvette zilizozaliwa na N14 hazikuwa na matundu ya ekzosi kule nyuma. Anayefunga mabomba ya ubavuni na kuacha matundu mawili matupu nyuma hajavunja sheria yoyote, ila mimi jambo hilo hunikera macho.

Mtu akiniuliza kama mabomba haya yanaweza kutengenezwa Afrika Mashariki, jibu langu ni ndiyo, na nimeona mafundi wa kuchomelea huko wakitengeneza kona ambazo hapa hukatwa na mashine. Hukata bomba vipande vya mshazari na kuviunganisha kimoja kimoja, au hulijaza bomba mchanga mkavu, wakaziba ncha, wakalipasha moto na kulipinda bila kulibana. Tatizo lingekuwa kifuniko na vishikizo vyake, si bomba.

Joto la nje linastahili umakini kuliko chochote. Chuma chenye nyuzi 70 huunguza ngozi kwa takriban sekunde moja, na bomba hili hupita kiwango hicho muda mfupi baada ya injini kuwashwa. Kifuniko hupunguza hatari lakini hakiiondoi. Wanaovaa kaptura ndio huumia, kwenye shavu la mguu, wanaposhuka bila kufikiri. Mgeni yeyote anayepanda gari hilo huambiwa kabla ya kufungua mlango, tena aonyeshwe mahali pa kukanyaga. Hatari nyingine haionekani wala hainuki: hewa ya kaboni monoksidi. Ekzosi ya ubavuni hutolea moshi mbele ya gurudumu la nyuma, karibu na madirisha, hivyo mpira wa mlango uliopasuka au tundu lililosahauliwa sakafuni ni jambo la kurekebishwa kabla ya safari. Uvujaji kwenye viungo huonekana kwa alama nyeusi za masizi, na injini ikiwa bado baridi unaweza kuziba mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene na kusikiliza mlio wa kuvuja unatokea wapi.

Kuhusu sheria, majimbo hutofautiana. California huyaondolea ukaguzi wa moshi magari ya petroli ya 1975 na ya zamani zaidi, lakini msamaha huo hauhusu kelele, ambayo kikomo chake kwa magari madogo ni desibeli 95 kwa kipimo kilichowekwa. Mabomba yaliyobonyezwa yakiwa na injini kubwa yanaweza kuukaribia mpaka huo, na afisa wa barabarani hajali kwamba ndivyo gari lilivyotoka kiwandani.

Siku ya kwanza ya kuwasha, futa mabomba kwa kiyeyushi kabla, la sivyo alama za vidole na mafuta ya karakana zitachomeka juu yake na kubaki. Yaache yapate moto na kupoa kabisa, kisha kaza tena nati za manifoldi, urudie baada ya safari chache. Usiliwashe gari kwa dakika mbili na kulizima gerejini: petroli lita moja ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, na maji hayo yakibaki ndani ya bomba lisilopata moto wa kutosha ndiyo yanayolioza kuanzia ndani. Rafiki yangu alichagua chuma kilichopakwa alumini badala ya chuma cha pua, kwa bei na kwa kuwa mlio wake ni mzito zaidi, kwa masikio yake na yangu. Ekzosi za chini za gari hilo, ambazo mwenye gari wa kwanza alizihifadhi, tumezifunga kwa turubai pamoja na hanga zake na kuandika kila kipande ni cha upande gani, kwa sababu mnunuzi wa Corvette ya miaka hiyo huuliza kuhusu vipande hivyo kabla hajaanza kuzungumza bei.