Nilivyompata maski Minnesota nikiwa nimeenda kwa dada

Mimi mtu wa Likoni, kuvua nimekua nako, mshipi wa mkono na kipande cha ngisi kwenye ndoano, unatulia unangoja. Dada yangu yuko Brooklyn Park kule Minnesota, Marekani, miaka mingi sasa, na mwaka juzi kifungua mimba wake alikuwa anamaliza sekondari, ikabidi mmoja wetu aende, nikaenda mimi, wiki tatu na ushee.

Sasa kuna samaki kule anaitwa muskellunge, wenyewe wanafupisha wanasema maski. Dada nilipomwambia nimekuja kutafuta maski akauliza maskini gani tena, mbona nyumbani umewaacha wengi. Ukimwona utamfikiria mzia, mrefu vile, ila mdomo bapa kama wa bata, meno yamejaa, na pezi la mgongo na lile la chini yake yamerudi nyuma kabisa karibu na mkia, ndo maana analala tuli kwenye majani halafu anafyatuka kama mshale. Wanamwita samaki wa kutupa ndoano mara 10,000, yaani ndo mpaka upate mmoja. Nikasema haya, tutatupa.

Shemeji akanipeleka duka la chambo, mzee wa pale akaniuliza nataka nini, nikamwambia maski, akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani. Msimu wa maski Minnesota unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita. Mimi nimefika mwezi wa tano bado unaendelea. Nilikasirika lakini mwenye kosa nani kama si mimi, tiketi nimekata bila kuuliza. Kumbe zile siku za kungoja ndo zilinisaidia manake nilizitumia kutafuta, la sivyo ningekodi boti siku ya kwanza nikazunguka maji matupu.

Lile jimbo linajisifu maziwa 10,000 lakini mengi hayana maski kabisa. Idara yao ya maliasili ina ukurasa kwenye intaneti unaitwa LakeFinder, unaandika jina la ziwa unaletewa ramani ya vina, samaki waliopo, na miaka waliyopandikiza vifaranga. Nilikaa na mpwa wangu mdogo usiku mbili tunachagua yaliyo karibu, tukabaki na Minnetonka, Independence na Bald Eagle. Independence tukaenda kuitazama kwanza bila rodi, yaani fimbo ya kuvulia, kuna Baker Park pale pembeni, nikakaa naangalia wenye boti wanasimama wapi. Wengi walikuwa wanafuata ukingo wa majani, pale yanapoishia na kina kinaanza. Hiyo peke yake ilinipa mwanga.

Sasa nahodha. Nilipigia wanne. Mmoja akaniahidi samaki lazima, nikafurahi kama mtoto nikamtumia arubuni, usiku wa kuamkia safari ananiletea meseji eti boti imeharibika, na hela yangu kuirudisha ikawa wiki nzima ya kusumbuana. Hapo nikabadilisha maswali. Badala ya kuuliza umepata wangapi nikawa nauliza msimu uliopita ulirudi mikono mitupu siku ngapi. Wawili wakazungukazunguka. Wa mwisho akacheka akasema ni nyingi kuliko anazotaka kukumbuka, akaniambia rodi anazo, wavu anao, nije na leseni yangu tu na miwani ya jua ya kukata mng'aro. Dola mia nne na kitu kwa siku. Hela nyingi, sitaficha, nusu alinichangia dada.

Tukatoka Minnetonka alfajiri. Lile sio ziwa moja, ni vighuba vimeunganishwa vingi mpaka unapotea. Mbele ya chambo kuna waya kwa ajili ya meno, na chambo chenyewe ni mabati mawili yanazunguka mbele ya manyoya. Mimi nikataka kile kikubwa kabisa kama cha kwenye video, akanikatalia, akasema mwanzo wa msimu maji bado ya baridi anaanza na vidogo. Kutupa, kuvuta, kutupa, kuvuta. Mpaka saa sita mchana bega limekufa.

Kitu alichonisisitizia ni kwamba chambo kikifika kwenye boti usikitoe. Unazamisha ncha ya rodi majini unachora nane, taratibu, kona uzifanye pana, manake maski anakifuata nyuma nyuma mpaka ubavuni mwa boti halafu anaghairi. Nilisahau mara moja tu. Nikainua rodi, nikaona chini yake kitu cha kijani kibichi chenye milia, jicho limenitazama kabisa, halafu kikazama polepole kama gogo. Nahodha hakusema kitu, alivua kofia akajikuna kichwa.

Jioni akatoa simu kuangalia mwezi unachomoza saa ngapi, kisha akaturudisha kwenye ghuba ile ile. Nikacheka peke yangu, kwetu babu alikuwa anahesabu bamvua na maji mafu kabla hajagusa ngalawa, lakini kule ziwani maji hayapandi wala hayashuki, sasa mwezi wa nini. Sikubishana. Kama dakika ishirini hivi, nane ya pili ubavuni, rodi ikapinda mpaka majini, maji yakanirukia usoni, nikapiga kelele za Kiswahili zote ninazozijua.

Inchi 41. Nahodha hakumtoa kwenye maji, alimwacha ndani ya wavu akaitoa ndoano kwa koleo refu, ndo akanipa nimshike kwa kulaza, mkono mmoja chini ya tumbo, picha mbili, akarudi majini. Kwa sheria yao ukitaka kumchukua lazima afike inchi 54, na wavuvi wenyewe ata wa 54 wanamwachia. Mama nilipompigia akauliza tumempika na nazi au tumemkaanga. Nikamweleza. Akaniambia nimpe dada simu.

Mpwa wangu nimemwachia rodi niliyonunua. Mwezi wa nane aliniandikia, Anko nimeenda Independence lakini mzee wa duka amesema maji yakipita nyuzi 27 za Selsiasi nisimguse maski, atakufa hata nikimwachia. Akatuma picha ya chambo kimejaa majani.