Hilo Wamekuuzia Ngapi?

Harusi iliyonipeleka Mombasa ilikwenda vizuri, pilau ilitosha na bibi harusi alipendeza. Sina la kuongeza. Ninachotaka kusimulia ni kombe nililouziwa shilingi 1,800 za Kenya pale Mama Ngina, panapoitwa Lighthouse na wenyeji, na mzee niliyekutana naye kwa ajili ya kombe hilo.

Kutoka Kigoma hadi Mombasa ni safari ya kukata kiuno. Mpakani Horohoro tulipanga foleni juani, Lungalunga tukapanga nyingine, na Likoni abiria tukashushwa tuvuke kivuko kwa miguu, angalau hapo hakuna nauli. Chumba nilichopata Majengo kilikuwa na feni yenye kelele bila upepo, kwa bei ambayo kwetu ningelala penye kiyoyozi. Hata chai, nikishaibadilisha kichwani kuwa pesa zetu, ilikuwa ikinikwama kooni.

Basi jioni moja niko Lighthouse, nakula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, natazama meli zikiingia Kilindini, akaja kijana na sinia. Alikuwa na kombe kubwa jeupe lenye mistari ya kahawia, limepasuliwa katikati, vyumba vyake vya ndani unaviona vimejipanga kwa kuzunguka, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia. Akaapa amelizamia mwenyewe asubuhi ile. Alianzia 3,000.

Kesho yake nikapita nalo Mji wa Kale, nimelifunga kwenye gazeti. Karibu na bandari ya majahazi, mzee mmoja aliyekuwa barazani na kikombe cha kahawa akaniita.

"Hilo wamekuuzia ngapi?"

Nikamwamkia, nikamtajia bei. Hakucheka. Alilipokea, akapitisha kidole ukingoni mlipopita msumeno.

"Mwanangu, huyu ni nautilasi, jamaa ya pweza mwenye gamba. Katika bahari yetu haishi. Hufa huko Ufilipino na Indonesia, gamba tupu likaelea, na mara mojamoja hutufikia, lakini hufika limechakaa. Hili halijaelea popote. Limekuja ndani ya boksi."

Akaniambia pia kwamba tangu 2017 biashara ya kuwavusha nautilasi mipaka inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo bila kibali nisijaribu kupita nalo Lungalunga. Pesa imekwenda, na kombe lenyewe siwezi kwenda nalo nyumbani! Nadhani uso wangu ndio uliomtia huruma, akanikaribisha ndani.

Kazi ya mzee huyu ilikuwa kushona matanga. Chombo chake kimojawapo kilikuwa dondo, lile kombe nene la madoadoa, la kulainishia mishono, na dondo hilo ndilo lililomtia wazimu: alitaka kujua linakaa wapi linapokuwa hai. Akaanza kushuka mwambani kila bamvua, maji yakipwa sana. Hakusomea, hakulipwa, na mkewe alivumilia uvundo. Sasa chumba kizima ni viberiti, makopo ya maziwa na maboksi ya tende, kila kimoja kina kombe na kikaratasi. Nilifungua kiberiti kimoja: kauri dogo la kijivu, lenye mviringo wa manjano mgongoni. Kikaratasi kiliandikwa kwa penseli: "Nyali, 1979, bamvua, chini ya jiwe. Jiwe limerudishwa."

Hilo la mwisho la nini?

"Ukiligeuza jiwe ukaliacha hivyo, wa kivulini wafa kwa jua, na wa juani wafa kwa giza."

Tangu hifadhi ya bahari ya Mombasa ilipotangazwa mwaka 1986, haokoti kitu ndani yake, hata lililokufa. Makauri ya aina ile ya kwenye kiberiti, akaniambia, wafanyabiashara wa Hamburg waliyasomba kwa shehena kutoka Zanzibar katika karne ya 19, wakayapeleka Afrika Magharibi, ambako yalikuwa pesa. Nikajikuta nahesabu mangapi yangelipia chumba changu cha Majengo.

Lakini kilichomchemsha mzee ni Hugh Cuming. Mimi jina hilo sijawahi kulisikia. Cuming alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1791, akafunzwa kushona matanga ("fundi mwenzangu huyo!"), na mwaka 1819 akaenda Amerika Kusini, akafanya kazi hiyohiyo Valparaíso, Chile. Alipopata pesa akajengewa chombo chake mwenyewe, Discoverer, cha kwendea kuokota makombe. Akatembea visiwa vya Pasifiki, kisha Ufilipino kuanzia 1836 hadi 1840. Alipofariki mwaka 1865 aliacha vielelezo 82,992, na mwaka uliofuata Makumbusho ya Uingereza yakavinunua kwa pauni 6,000.

"Elfu themanini na mbili!" Mzee akapiga paja. "Na mangapi hayajulikani yatoka wapi?"

Cuming hakuwa mtu wa kuandika. Aliokota, wataalamu wakaandika, na mahali mara nyingi pakakosewa. Tena inasimuliwa kwamba sinia zake zilipokuwa zinavushwa uani kwenye makumbusho hayo, upepo ukavipeperusha vikaratasi. Mzee aliihadithia ajali hiyo ya London kana kwamba ni yeye aliyekuwa akivikimbiza. Kwake yeye, kombe lisilo na kikaratasi ni pambo la kabati tu, hata lingenunuliwa pauni ngapi.

Ndipo akaniuliza natoka wapi. Niliposema Kigoma, kahawa ikasahauliwa.

"Ziwani kwenu muna makonokono yafananayo na ya bahari!"

Speke, mvumbuzi Mwingereza, aliyaokota mwaka 1858 alipofika Tanganyika, akasema, na mwaka uliofuata yakaandikwa London. Baadaye walitokea wataalamu wakadai ziwa liliwahi kuungana na bahari, dai ambalo halikusimama. Viumbe hao walibadilikia humohumo ziwani. Akanionyesha pia mchoro wa Neothauma, konokono mmojawapo wa ziwa hilo, ambaye magamba yake matupu hulundikana chini ziwani, na samaki wadogo huyafanya nyumba na kuzalia humo.

Mimi nimekulia Kibirizi. Magamba hayo tumeyakanyaga tangu utotoni. Tunaanika dagaa mchangani, gamba likijichanganya tunalichomoa na kulitupa, na mama akiona umelileta ndani anakufukuza nalo. Sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akiuliza lilikuwa la nani. Na huku Mombasa kuna mzee ambaye hajawahi kuliona ziwa, anayewajua majirani zangu kwa majina.

Nautilasi nilimwachia. Alilitafutia boksi, akaandika: "Limenunuliwa Lighthouse, 1,800, kwa muuzaji. Litokako halijulikani." Kisha akanipa viberiti vitupu na kipande cha penseli, maana wino, anasema, hutambaa karatasi ikipata unyevu. Nauli ya kurudi ilikuwa imepanda, na kiti changu hakikuweza kulala.

Jana nimeokota moja pale Kibirizi, tupu, nikaandika kikaratasi, nikapiga picha na kuituma kwenye simu ya mjukuu wake. Mzee akapiga mwenyewe.

"Umeandika Kibirizi. Kibirizi wapi?"

"Penye dagaa, mzee."

"Kaskazini ya dagaa au kusini?"

Salio lake likakatika kabla sijamjibu. Ila jibu lenyewe sina, kwa hiyo kesho asubuhi narudi huko nikaangalie.