Dakika Sita za Mzee wa Isyonje

Mwezi wa saba mwaka 2019 baridi ya Uyole, Mbeya, ilikuwa ile ya kukumbatia kikombe cha chai kwanza, kunywa baadaye. Ndiyo wiki niliyoandika kanuni za grupu letu la WhatsApp la wakulima wa viazi. Uadmini nilipewa kwa sababu moja tu: simu yangu ilikuwa inakaa na chaji.

Grupu lilikuwa limejaa. Enzi hizo mwisho ulikuwa watu 256, anayetaka kuingia anasubiri mwenzake atoke. Asubuhi ni bei za gunia. Ikifika jioni ni matusi, mahubiri na "tuma kwa watu kumi". Kilichonichosha ni jamaa aliyefowadi bei nono ya Dar es Salaam, kumbe ujumbe wenyewe ni wa msimu uliopita. Jirani yangu akaita vibarua alfajiri, akachimba viazi ambavyo ganda lake bado linachubuka kwa kidole. Dalali alipokuja alicheka, akataka lumbesa, yaani magunia ya kujazwa kupita kiasi, kwa bei ya gunia. Kisheria gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Yale yalishonewa vilemba vya kamba juu, wanaume wanne kuyapandisha kwenye Fuso. Usiku ule kwenye grupu watu walitukaniana mpaka marehemu.

Nikakaa nikaandika kanuni kumi na moja. Bei itajwe na tarehe na soko. Usimwite mtu mwizi kabla hujampigia simu. Ya tano: hakuna matangazo yasiyohusu kilimo. Nikachomeka na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, maana admini naye ana watoto. Ya tisa niliiandika usingizi umeshanishika: ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, bando ni ghali. Wakamwaga dole gumba, nikalala fofofo.

Kesho yake nikakuta yale maandishi madogo ya kijivu katikati ya kioo. Mzee wetu wa Isyonje ameondoka.

Mzee alikuwa haandiki. Alikuwa anatuma sauti za dakika sita, jogoo akiwika nyuma yake, anaanza na "Ndaga", anaulizia mguu wa mke wa fulani, ng'ombe wa fulani kama keshazaa. Dakika ya tano ndipo anasema: ukungu umekaa siku tatu, msisubiri kuona madoa, pigeni dawa leo. (Kwetu ukungu wa angani na ule unaounguza majani ya viazi neno ni hilohilo, na mzee aliutazama mmoja akaujua wa pili.)

Jumamosi nikapanda Noah. Nilimkuta uani anachambua mbegu, zilizoanza kuchipua anaziweka kwenye ungo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na saa yako?"

Nikamwambia kanuni haikumlenga yeye.

"Ilimlenga nani sasa? Wenzangu wote si wanaandika?"

Nikahesabu kimoyomoyo. Wenye sauti ndefu walikuwa wanne, wote wazee. Na yule wa bei ya uongo alituponza kwa mstari mmoja, hata nukta hakuweka.

Nikaifuta ya tisa palepale, kidole kimekufa ganzi kwa baridi. Nikajaribu kumrudisha, simu ikakataa, grupu limejaa. Nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na muuza dawa za nguvu za kiume, ameshatundika mabango matatu. Nikamtoa kwa kanuni ya tano. Mzee aliniuliza nacheka nini, nikashindwa kumweleza mtu wa rika la baba yangu.

Nilikuwa kwenye Noah ya kurudi, sijafika hata Uyole, simu ikalia. Sauti ya mzee, dakika saba na sekunde kumi. "Ndaga, wanangu..." Kondakta akaomba niongeze sauti.